Kungoja Giza

Msomaji kijana, ukisafiri kwa matatu kutoka katikati ya mji wa Nairobi kwa Barabara ya Thika, utafika mahali ambapo kondakta huita, "Drive-In! Wa Drive-In washuke!" Watu hushuka, wengine hupanda, na gari huendelea na safari yake. Ukichungulia dirishani utaona nyumba, maduka na daraja, sinema huioni. Jina limebaki kama kombe tupu ufukweni, na mwenye kombe amekwisha kuhama. Wengi wanaolitamka kila siku hawajui lilitoka wapi, na huenda wewe nawe umelitamka mara nyingi bila kuuliza.

Palikuwa hapo zamani na uwanja mpana uliozungushiwa ua, na mbele yake kiwambo cheupe, kirefu kama nyumba ya ghorofa. Watu walikuja usiku na motokaa zao, wakazipanga safu safu, wakazielekeza kiwamboni, wakatazama picha hali wameketi mumo humo garini. Hiyo ndiyo sinema ya motokaa. Nairobi ilikuwa na hiyo ya Barabara ya Thika, na nyingine, Bellevue, kando ya Barabara ya Mombasa. Na huko pia jina limedumu kuliko kitu chenyewe. Nataka kukueleza kwa nini burudani hii, ambayo kwetu imebaki karibu jina tu, ingali inapendwa na watu wa Marekani walio katika likizo yao ya kiangazi. Lakini sina budi kuanza na watu waliokuwa nje ya ua, maana mimi nilikuwa mmoja wao.

Katika miaka ya 1990, nilipokuwa mtoto, tulikaa si mbali na mahali hapo. Baba yetu alikuwa fundi wa viatu. Hakuwa na motokaa, wala hakutazamia kuwa nayo. Walakini nje ya ua palikuwa na lundo la udongo lililoachwa na wajenzi, na mtu aliyepanda juu yake aliweza kuona zaidi ya nusu ya kiwambo. Jumamosi moja moja baba alitupeleka huko, mimi na kaka yangu, akatuketisha juu ya koti lake. Picha tuliiona; sauti hatukuisikia, maana sauti ilikuwa mali ya walio ndani. Kila gari lilikuwa na kipaza sauti chake kidogo kilichotundikwa dirishani. Kwa hiyo mapenzi, vita na vilio vyote vilipita mbele ya macho yetu kimya kama samaki ndani ya maji.

Baba aliuondoa upungufu huo kwa ulimi wake. Picha nyingi zilikuwa za Kihindi. Kijana alipopiga magoti mbele ya msichana chini ya mti, baba alisema kwa sauti nyembamba, "Mama, nimekuja kuuliza bei ya sukari." Msichana alipogeuza uso kwa majonzi, baba alimjibia, "Imepanda tena." Tulicheka hata mlinzi akatumulikia tochi. Akaja karibu atufukuze. Akasimama, akasikiliza, kisha akaizima tochi yake. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna sinema duniani iliyopata kuwa na maneno mazuri kama yale.

Nilipokua na kuwa mwalimu ndipo nilipotafuta habari za asili ya kitu hiki. Sinema ya motokaa ya kwanza iliyopata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake ilifunguliwa tarehe 6 Juni 1933, karibu na mji wa Camden, katika jimbo la New Jersey. Mwanzilishi wake aliitwa Richard Hollingshead, na jamaa yake walifanya biashara ya bidhaa za magari. Majaribio yake aliyafanya nyumbani kwake. Aliweka mashine ya kuonyesha picha juu ya boneti ya gari, akakaza shuka baina ya miti miwili, na nyuma ya shuka akaweka redio iwe sauti. Akafungulia maji kwa mpira wa bustani kuiga mvua, apate kujua kama mtu ataweza kuona kupitia kioo kilicholowa. Shida iliyomsumbua zaidi ni ile imsumbuayo kila mtu mfupi katika umati: wa mbele humziba wa nyuma. Akainua magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, akatambua kwamba uwanja ukichongwa matuta, kila gari likainua pua yake juu kidogo, basi wote wataona.

Huo ulikuwa wakati wa dhiki kubwa ya uchumi katika Marekani. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, wala jamaa moja hawakutozwa zaidi ya dola moja. Tena katika matangazo yake aliwakaribisha jamaa wazima, hata kama watoto wao ni wenye makelele. Neno hilo la mwisho, msomaji, lishike vizuri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili sinema hizi zilienea upesi. Mwaka wa 1958 zilipita 4,000 katika nchi ile. Kisha zikaanza kupungua. Televisheni iliingia nyumbani. Bei ya ardhi ilipanda, na mwenye uwanja akaona faida zaidi kuuza kwa wajenzi wa maduka. Saa nayo ilizitesa. Sheria ya mwaka 1966 ilieneza katika karibu nchi nzima desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Jua likawa linachwa kuchelewa kwa saa moja zaidi, na picha haiwezi kuonekana mbele ya jua. Mzazi mwenye watoto wadogo akakuta kwamba picha yaanza wakati ambao watoto wamekwisha kusinzia. Mwishowe, karibu na mwaka wa 2013, filamu za ukanda ziliachwa, ikawalazimu wenye sinema kununua mashine mpya za gharama kubwa. Wengine hawakuweza, wakafunga. Leo zimesalia 300 hivi.

Wala usidhani kwamba ua ulikuwa wa Nairobi peke yake. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu weusi walizuiliwa kuingia katika baadhi ya sinema hizi, au walitengewa sehemu yao pembeni, hata sheria ya mwaka 1964 ilipokataza ubaguzi huo katika majumba ya sinema. Nayasema haya kwa sababu mtu asifuye kitu na kuficha aibu yake hajakisifu, amekipaka rangi tu.

Sasa tazama ajabu iliyopo. Mmarekani wa leo aweza kutazama picha yoyote aitakayo akiwa kitandani, kwa simu iliyo kiganjani mwake. Picha hiyo itakuwa safi zaidi, sauti yake itakuwa bora zaidi, na mbu hawatamuuma. Walakini kila kiangazi maelfu ya watu huacha hayo yote, wakaenda kuketi garini uwanjani. Ni kitu gani wanachokifuata? Jibu sikulipata vitabuni. Nililipata nilipokwenda mwenyewe, nami sikwenda kulitafuta.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023, shule zilipofungwa, nilisafiri kwenda kumzuru kaka yangu. Yeye hukaa Lowell, mji wa jimbo la Massachusetts wenye Wakenya wengi. Alikwenda huko mwaka 2009 kutafuta riziki. Sitakuficha, msomaji, kwamba sikwenda na moyo mweupe. Baba yetu alifariki mwaka 2016, na kaka hakuja kumzika. Alituma fedha, na jeneza lililonunuliwa kwa fedha hizo lilisifiwa na watu; lakini mimi mdogo ndiye niliyetupa udongo wa kwanza kaburini, mahali pa mkubwa. Kwa miaka saba tulizungumza kwa simu habari za mvua, za shule, na za miguu ya mama inayomwuma, na lile neno tulilizunguka kama watu wazungukavyo shimo lililo njiani.

Nilikaa kwake juma zima, na shimo likabaki pale pale. Kaka alifanya kazi ya zamu ya usiku. Alipokuwa nyumbani televisheni ilisema, simu zililia, wageni waliingia na kutoka. Kila mmoja wetu alipofungua kinywa, kitu fulani kilitutangulia kusema. Ndipo siku moja akaniambia, "Mwalimu, nimepata ruhusa ya siku tatu. Twende baharini kama wenyeji wa hapa." Mkewe alikuwa na zamu, tukaondoka sisi wawili na binti yake wa miaka sita.

Cape Cod ni rasi iliyoingia baharini kama mkono uliokunjwa kiwiko. Ina mchanga mwingi, misonobari mifupi, na vijiji vya wavuvi. Sehemu kubwa ya pwani yake ya nje imehifadhiwa na serikali tangu mwaka 1961, ndiyo maana haikujaa mahoteli. Wakati wa kiangazi, shule za Marekani zifungwapo kwa zaidi ya miezi miwili, watu wa Boston, New York na kwingineko huimiminikia rasi hiyo hata barabara hushindwa kuwachukua. Karibu na ncha ya mkono huo kuna mji mdogo uitwao Wellfleet, unaojulikana kwa chaza wake. Hapo pana sinema ya motokaa iliyofunguliwa mwaka 1957. Mchana uwanja wake huwa soko la vitu vikuukuu. Usiku hurudia kazi yake ya asili. Majira ya baridi yakija, hufungwa.

Tulifika saa kumi na mbili ya jioni. Binti alikimbilia uwanja wa michezo ya watoto. Mimi nilidhani tumefika kwa wakati, maana kwetu, karibu na ikweta, saa kumi na mbili na nusu jua linaaga, na saa moja ni usiku, mwaka mzima, bila hila. Lakini saa moja ilipofika jua lilikuwa bado linatutazama. Nikamwuliza kaka picha itaanza saa ngapi. Akacheka. "Giza likiingia," akasema. "Hapa haianzi kwa saa. Huanza kwa giza." Ikawa tunangoja kupita saa mbili, na mwezi wa Juni, akaniambia, hungojwa zaidi ya hapo.

Nikaanza kutazama watu, kama walimu tulivyozoea. Wengine walirudisha magari kinyumenyume, wakafungua milango ya nyuma, wakatandika blanketi na mito. Watoto walikuwa wamevaa nguo za kulalia, ili picha ikiwashinda walale, wabebwe vivyo hivyo hata kitandani. Mtoto mchanga alilia, wala hakuna aliyegeuza shingo kwa hasira. Katika jumba la sinema mama yake angalitoka nje kwa haya. Hapa alifunga kioo, akambembeleza, akakifungua tena. Kila gari lilikuwa nyumba yenye mlango wake, na wakati huo huo kila nyumba ilikuwa barazani pa mwenziwe. Mama mmoja asiyetujua alituletea dawa ya mbu, akaenda zake. Mzee wa gari lililofuata alituambia kwamba aliletwa hapo na wazazi wake akiwa mdogo, na sasa amewaleta wajukuu. Picha ya usiku ule hakujua ni ipi. Hakuwa ameuliza.

Hapo nilianza kufahamu. Yule mzee hakuja kwa ajili ya picha, bali kwa ajili ya zile saa mbili zilizoitangulia. Katika dunia ambayo kila kitu huja mara kiitwapo, huu ulikuwa uwanja uliojaa watu waliolipa fedha wakangojeshwa, na hakuna aliyenung'unika. Tajiri hakuweza kulipa zaidi ili giza lije mapema kwake. Na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya ila kungoja, watu walifanya lile ambalo mwaka mzima hawakulipatia nafasi: walicheza na watoto wao, walizungumza na wake zao, au walinyamaza pamoja.

Mimi na kaka tulikuwa tumeketi viti vya mbele. Anga ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na kiwambo kilikuwa bado kitupu. Tulitazama upande mmoja, si uso kwa uso. Na yako maneno, msomaji, ambayo mtu hawezi kuyatoa akitazamwa machoni.

"Siku ya maziko," kaka akasema, "makaratasi yangu hayakuwa tayari. Ningetoka nchi hii nisingeruhusiwa kurudi."

Sikujibu.

"Wewe ulikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Ada ilikuwa inatoka hapa. Mama alijua. Nilimwomba asikuambie, usije ukaacha masomo kwa ajili yangu." Akanyamaza kidogo. "Siku ile nilikaa garini, nje ya kazini, tangu saa ambayo kwenu ni alasiri mpaka nilipojua kwamba mmekwisha."

Nilikitazama kile kiwambo kitupu. Miaka saba nilikuwa nimebeba cheti changu cha ualimu katika mkono mmoja na kinyongo katika mkono wa pili, nisijue kwamba mkono uliolipia cheti ndio ule ule nilioulaumu. Nilitafuta maneno yaliyopangwa vizuri, kama niwafundishavyo wanafunzi wangu kupanga insha. Hayakuja. Nilisema, "Pole, kaka." Naye akasema, "Pole nawe." Kwa lugha yetu hayo yanatosha. Binti akarudi mbio kutaka bisi, akajipenyeza kati yetu.

Giza likaingia. Taa zikazimwa, na mwanga mweupe ukapita juu ya vichwa vyetu ukagonga kiwambo. Watoto wakapiga makofi. Ingawa siku hizi mtu aweza kupata sauti kwa redio ya gari, uwanja ule umehifadhi vile vipaza sauti vya zamani juu ya nguzo zake. Kaka alikuwa ametundika kimoja dirishani. Nilikigusa. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukishika mkononi.

Tulisikiliza kwa muda. Kisha, pale kiwamboni, mtu mmoja akasimama mlangoni pa mwanamke, kofia mkononi, uso umejaa huzuni. Kaka akanyosha mkono, akapunguza sauti hata ikatoweka.

"Baba, mbona hawasemi?" binti akauliza.

"Wanasema," kaka akajibu. "Sikiliza." Akafanya sauti nyembamba: "Mama, nimekuja kuuliza bei ya sukari."

Kabla sijafikiri, kinywa changu kilijibu, "Imepanda tena."

Mtoto alicheka hata bisi zikamwagika. Akataka yule mtu aseme tena, na mwanamke ajibu tena, na mbwa wao pia aseme. Tukawatilia maneno wote, picha nzima, mpaka akalala kifuani pa baba yake. Majirani zetu walikuwa na sauti yao; sisi tulikuwa na yetu. Picha ile ilihusu nini hasa, mpaka leo siwezi kukuambia.

Niliporudi Nairobi nilishuka Drive-In, nikatembea kwa miguu hata kwa mama. Nilimkuta uani anachagua mchele. Nilimwuliza kama ni kweli alijua. Hakuinua uso. "Nilijua," akasema. "Halikuwa langu kulisema. Niliwangoja."

Ewe msomaji, mimi sikushauri upende sinema ya motokaa, na pengine hutapata kuiona. Lakini watu wa Wellfleet wamekataa kuuza uwanja ambao ndani yake hakuna la haraka, nami naona wana akili. Nawe una uwanja wako: ni jikoni kabla chakula hakijaiva, ni kituoni kabla basi halijafika, ni usiku ambao umeme umepotea. Saa kama hizo tumezoea kuzilaani, au kuzijaza kwa simu. Siku moja ziache tupu. Huenda aliyeketi karibu nawe ana neno alilolibeba miaka saba, na hakuna anachokosa ila nafasi ya kulitua.